Shajara ya tasnifu: ukaguzi wa silaha, na nani anaaminiwa

Naandika shajara hii sambamba na tasnifu yangu ya shahada ya uzamili katika usalama wa kimataifa. Mada ni ukaguzi wa silaha: nani hukagua, hukagua nini, na kwa nini ripoti moja ya wakaguzi hupokelewa na nyingine ikawekwa kando. Naiweka wazi kwa ajili ya wanaosoma fani hii, au wanaofikiria kuisoma, kwa kuwa maandiko ya Kiswahili kuhusu udhibiti wa silaha ni machache mno ukilinganisha na uzito wa jambo lenyewe.

Oktoba

Mada imepatikana. Muhula wa kwanza wa uzamili huu umejaa vishawishi: nadharia za vita na amani, mikakati ya kijeshi, sheria za vita, ujasusi, usalama wa binadamu, siasa za nyuklia. Kila kipindi kikiisha unatoka na mada nyingine ungependa kuiandikia. Nusu ya darasa letu imekwenda kwenye ugaidi na usalama wa mitandao. Mimi nimekaa kwenye udhibiti wa silaha kwa sababu ya jambo moja ambalo mhadhiri alilitaja akiwa anamalizia kipindi, kisha akalipita.

Mwaka 1991 nchi mbili zilifungua milango kwa wakaguzi wa nyuklia. Afrika Kusini ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia tarehe 10 Julai mwaka huo. Iraki, iliyokuwa imeshindwa vitani Kuwait, ililazimishwa na azimio namba 687 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 3 Aprili. Kwa upande wa nyuklia wakaguzi walikuwa wa shirika lilelile, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lenye makao yake Vienna, yaani IAEA. Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia na kuyabomoa, na dunia ikakubali kwamba hayapo tena. Iraki haikuwahi kumaliza kuunda hata bomu moja la nyuklia, na silaha zake za kemikali na za kibayolojia zilikuwa zimeharibiwa kwa sehemu kubwa katika miaka iliyofuata, kuanzia mwaka uleule wa 1991. Miaka 12 baadaye ilivamiwa kwa madai kwamba bado inazo.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa: kitu gani humfanya mkaguzi aaminiwe anaposema "hakuna"?

Novemba

Pendekezo la utafiti limewasilishwa, limerudi, limewasilishwa tena, limepita.

Jopo lilihoji ulinganishi wenyewe. Afrika Kusini ilifungua milango kwa hiari, Iraki ilifunguliwa kwa mabomu, sasa unalinganisha nini hapo? Hoja hiyo ni ya haki na nimeiweka ndani ya pendekezo badala ya kuikwepa. Jibu langu ni kwamba hiari haijitoshelezi. Korea Kaskazini nayo ilisaini mkataba wake wa ukaguzi mwaka 1992 bila kushindwa vita yoyote, na ndani ya mwaka mmoja hakuna aliyeiamini. Kwa hiyo nimeiingiza kama kesi ya tatu, fupi, ya kupimia hoja.

Msimamizi wangu alisoma rasimu, akaweka kalamu chini. "Ndugu yangu, swali ni zuri ila halijashika mtu. Nani hasa anatakiwa kuamini?"

"Jumuiya ya kimataifa, Profesa."

"Huyo hana anwani. Nitafutie mwenye anwani."

Mazungumzo hayo mafupi yamebadilisha kazi nzima. Ripoti ya wakaguzi inasomwa na watu tofauti wenye hofu tofauti. Wapo magavana wa shirika lenyewe, yaani wajumbe wa bodi yake, wanaotaka kujua kama hesabu zinalingana. Lipo Baraza la Usalama, lenye wanachama 15 na watano kati yao wakiwa na kura ya turufu. Zipo nchi jirani. Na upo mji mkuu mmoja au miwili yenye ndege za kivita na mashirika ya kijasusi, ambayo hailazimiki kusubiri ripoti ya mtu. Mbinu ya utafiti nayo imetulia: kulinganisha kesi kwa maswali yaleyale, na ndani ya kila kesi kufuatilia mchakato, tukio kwa tukio, nani alijua nini na lini.

Desemba

Mapitio ya maandiko. Sehemu hii naandika kwa kifupi kwa sababu wengi wanaifahamu.

Mzizi wa nadharia ni kile kinachoitwa mtanziko wa usalama, jina alilolitumia John Herz mwaka 1950: nchi moja ikijiimarisha ili ijilinde, jirani anaona anatishiwa, naye anajiimarisha, na mwisho wote wawili wako hatarini zaidi ya mwanzo bila hata mmoja kutaka vita. Ukaguzi ni mojawapo ya majibu machache ya mtanziko huo yenye watu, vifaa na ratiba. Ndiyo maana nashangaa kuona nadharia nyingi zinaupitia juu juu. Maandiko yamejaa utashi wa kisiasa, ishara zenye gharama na mizani ya nguvu. Madaftari ya kiwandani, ambayo ndiyo mkaguzi anayoyasoma mchana kutwa, hayana sura yao.

Nimepitia pia mikataba kwa kuangalia swali moja tu: je, ina ukaguzi, na una meno kiasi gani? Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati uliosainiwa Washington tarehe 8 Desemba 1987 na Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti ulifuta makombora 2,692, na wakaguzi wa Marekani walikaa miaka 13 kwenye lango la kiwanda cha Votkinsk huku wenzao wa Kisovieti wakikaa Magna, Utah. Upande wa pili kuna mkataba wa silaha za kibayolojia uliofunguliwa mwaka 1972. Hauna wakaguzi kabisa. Umoja wa Kisovieti ulikuwa miongoni mwa nchi zilizoubuni na kuusaini, na wakati huohuo ukaendesha mradi mkubwa wa siri wa silaha hizohizo. Mwaka 1979 vimelea vya kimeta vilivuja kutoka kituo cha kijeshi huko Sverdlovsk na kuua watu zaidi ya 60. Serikali ikasema walikula nyama yenye ugonjwa, na maelezo hayo yalidumu hadi Rais Boris Yeltsin wa Urusi alipokiri mwaka 1992. Jitihada za kuuongezea mkataba huo itifaki ya ukaguzi zilivunjika mwaka 2001 Marekani ilipojitoa kwenye rasimu. Mpaka leo hauna. Jambo hili linaniuma, na nimelisema wazi katika sura ya pili: huwezi kuitisha imani katika kitu ambacho umekataa kisiangaliwe.

Januari

Sura ya Afrika Kusini.

Nilidhani ingekuwa sura nyepesi, ya nchi iliyotubu na kusamehewa. Nyaraka zinasema vingine. Kiwanda cha Valindaba cha kurutubisha urani (yaani kuiongezea ile sehemu inayoweza kutumika kwenye bomu), kilichoitwa Kiwanda Y, kilifungwa mwaka 1990. Mabomu yalibomolewa, urani yake ikayeyushwa na kurudishwa ghalani, na yote hayo yakafanyika kabla ya wakaguzi kufika. Ilijiunga na mkataba Julai 1991, na baadaye mwaka huo iliwasilisha orodha ya urani yake bila kusema neno juu ya mabomu. Wakaguzi walianza kazi Novemba 1991, na mpaka Rais F. W. de Klerk aliposimama bungeni tarehe 24 Machi 1993 na kutangaza kwamba nchi iliwahi kuwa na mabomu sita, walikuwa wameshakagua kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo hii si hadithi ya ukweli wote kuwekwa mezani siku ya kwanza. Michoro na nyaraka za usanifu wa mabomu zilichanwa kabla ya tangazo. Mtu angeweza kabisa kusema: mmeficha mabomu, mkachana karatasi, leo tuwaamini kwa lipi?

Kilichookoa hali ni madaftari ya Kiwanda Y. Rekodi za kila siku za uendeshaji, tangu kiwanda kilipowashwa miaka ya 1970, zilikuwepo. Wakaguzi walipiga hesabu: kiwanda cha aina hii, kikila umeme kiasi hiki na urani kiasi hiki kwa miaka hii, kingetoa urani iliyorutubishwa sana kiasi gani? Wakalinganisha na iliyoko ghalani. Hesabu za mwanzo zilionyesha pengo. Pengo hilo lingeweza kuwa bomu lililofichwa, na lingeweza kuwa siku ambazo mitambo iligoma. Madaftari yalionyesha ni siku zipi mitambo iligoma na urani ipi ilitoka ikiwa chini ya kiwango. Wataalamu waliokiendesha kiwanda walikuwepo na waliruhusiwa kuzungumza. Baada ya tangazo la 1993 serikali iliwaambia wakaguzi waende popote, wakati wowote, ilimradi ombi liwe la busara. Mashimo mawili yaliyochimbwa kwenye jangwa la Kalahari kwa ajili ya jaribio la nyuklia yalijazwa zege mbele ya macho yao.

Mwishoni shirika liliandika kwamba halikuona dalili yoyote ya orodha kuwa pungufu. Soma vizuri jinsi sentensi hiyo ilivyopimwa. Haikusema "tuna hakika hakuna kitu". Na ikatosha.

Ninachokisisitiza katika sura hii ni kwamba mmiliki wa kiwanda aliyatunza madaftari yale kwa sababu za uhandisi na uhasibu wake, wala hakumfikiria mkaguzi. Imani ya dunia ikaja kusimama juu ya kazi ya makarani na mafundi wa zamu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha mahusiano ya kimataifa.

Februari

Iraki. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Sura imekuwa ndefu kuliko zote na sitaipunguza.

Miezi ya kwanza ya ukaguzi, mwaka 1991, inaeleza mengi ya baadaye. Iraki iliwasilisha orodha pungufu. Mwishoni mwa Juni wakaguzi waliukuta msafara wa malori ukitoroka na mitambo ya kurutubisha urani, na walipopiga picha walinzi wakafyatua risasi hewani kuwatisha. Septemba timu nyingine ilipata nyaraka za mpango wa bomu katika jengo moja la Baghdad, ikazingirwa kwenye maegesho ya magari kwa siku nne kwa sababu ilikataa kuzirudisha. Waliokuwa pale walilala ndani ya magari na mabasi yao.

Kati ya matukio hayo mawili, kiangazi cha 1991, Iraki ilifanya jambo ambalo naliona kuwa kiini cha tasnifu nzima: iliharibu kwa siri silaha za kemikali, za kibayolojia na makombora ambazo haikuwa imezitangaza, bila kuwaita wakaguzi na bila kuweka kumbukumbu za kutosha. Labda walidhani wakishazifuta, ushahidi wa udanganyifu wa mwanzo nao utafutika. Matokeo yake yakawa kinyume. Walibaki na vitu ambavyo havipo lakini haviwezi kuthibitishwa kwamba havipo. Wakaguzi walikuwa na takwimu za malighafi zilizonunuliwa nje. Walikuwa na idadi ya silaha zilizoharibiwa mbele yao. Tofauti kati ya safu hizo mbili ilikaa kwenye ripoti mwaka baada ya mwaka ikiitwa masuala yasiyotatuliwa. Mwaka 1995 Hussein Kamel, mkwe wa Saddam Hussein aliyesimamia miradi ya silaha, alikimbilia Yordani, na ghafla serikali ikawapeleka wakaguzi kwenye shamba la kuku ambako masanduku ya nyaraka yalikuwa yamerundikwa. Nyaraka zilikuwa za kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kila aliyeyaona masanduku yale alijiuliza shamba lipi lingine halijafunguliwa.

Wakaguzi waliondoka Desemba 1998, na Marekani na Uingereza zikaishambulia Iraki kwa ndege. Walirudi tarehe 27 Novemba 2002 chini ya azimio 1441, wakiongozwa na Hans Blix kwa upande wa silaha za kemikali, za kibayolojia na makombora, na Mohamed ElBaradei kwa upande wa nyuklia. Kwa muda wa miezi michache walifanya ukaguzi zaidi ya 700. Tarehe 7 Machi 2003 ElBaradei aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka za kudai Iraki ilitaka kununua urani Niger si halisi. Blix, siku hiyohiyo, alisema kazi iliyobaki haihitaji miaka wala wiki, bali miezi.

Kuna tukio la miezi hiyo ambalo nimelipa kurasa mbili. Ili kuthibitisha kwamba mabomu ya R-400, yaliyotengenezwa kubeba vimelea vya magonjwa, yaliharibiwa mwaka 1991, Wairaki walianza kuyafukua mahali yalipozikwa. Walichimba udongo, wakatoa vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu, wakavipanga na kuvihesabu mbele ya wakaguzi, na baadhi ya mabomu yalitoka yakiwa mazima. Kipande cha mkia kikiwepo, bomu moja linahesabiwa. Miaka 12 imepita, na mtu anahesabu mikia ya mabomu kwa mkono huku majeshi yakijipanga mpakani. Kumbukumbu moja yenye sahihi ya mkaguzi ya Julai 1991 ingeifanya kazi hiyo isihitajike.

Wakaguzi waliondolewa tarehe 18 Machi. Vita vilianza tarehe 20. Timu kubwa iliyoundwa na Marekani baada ya uvamizi ilitafuta, na mwaka 2004 ikaripoti kwamba maghala ya silaha hizo hayakuwepo. Saddam alikuwa ameyaondoa, ila hakutaka Iran ijue kwa uhakika kwamba hanayo. Hapa ndipo swali la Profesa kuhusu anwani lilipozaa. Alikuwa na wasomaji wawili wa ripoti moja. Vienna na New York alitaka waamini hana. Tehran alitaka wabaki na shaka. Ukaguzi hauwezi kutumikia matakwa hayo mawili kwa pamoja.

Sitaki sura hii isomwe kama inamwachia mtu mmoja lawama zote. Walioamua vita walikuwa na ripoti za wakaguzi mbele yao, zikiwa safi kuliko za mashirika yao ya kijasusi, na hawakuzisubiri zimalizike. Nimeandika hivyo na nitautetea mstari huo mbele ya jopo.

Machi

Nimetoka kwenye siasa nikaingia kwenye vifaa, kwa sababu msomaji wa tasnifu hii lazima aone ukaguzi ukifanyika.

IAEA inahesabu kwa vipimo. Kilo 8 za plutoni, au kilo 25 za urani-235 iliyomo katika urani iliyorutubishwa sana, ndicho kiasi ambacho kikipotea shirika haliwezi kuondoa uwezekano wa kutengenezwa bomu. Madini yaliyo tayari kutumika kwenye bomu yanatakiwa kupotea kwao kugundulike ndani ya mwezi mmoja. Yaliyomo ndani ya mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, ndani ya miezi mitatu. Urani ya kawaida, ndani ya mwaka. Ukiangalia vizuri, mfumo mzima umejengwa juu ya muda. Lengo ni kuchelewesha kitu kisifike mwisho kabla mtu hajapiga kelele.

Halafu kuna lakiri. Kwa miongo mingi shirika limetumia kifuniko kidogo cha chuma, ukubwa wa sarafu hivi, kinachofungwa na waya kwenye pipa au mlango wa ghala. Kabla hakijapelekwa, ndani yake kinakwaruzwa na kupigwa picha. Mkaguzi akirudi anakikata, anaweka kipya, na cha zamani anakibeba mpaka Vienna, kikafunguliwe na mikwaruzo ilinganishwe na picha. Anayetaka kughushi lazima aigize mikwaruzo asiyoiona. Na kuna vitambaa vya pamba vya kufutia kuta na meza, vinavyofungwa katika mifuko safi na kupelekwa maabara. Chembe moja ya urani isiyoonekana kwa macho inatosha kusema ilirutubishwa kwa kiwango gani.

Vitambaa hivyo ndivyo vilivyoifichua Korea Kaskazini mwaka 1992. Ilikuwa imetangaza kwamba ilichuja takriban gramu 90 za plutoni, mara moja tu, mwaka 1990. Sampuli zikaonyesha kazi hiyo ilifanyika zaidi ya mara moja. Shirika likaomba kuingia maeneo mawili zaidi, likakataliwa, na tarehe 12 Machi 1993 Korea Kaskazini ikatangaza kujitoa kwenye mkataba. Siku 12 baadaye de Klerk akasimama bungeni. Sikuwa nimewahi kuziona tarehe hizo mbili zikiwekwa jirani, na sasa ndizo zinazofungua utangulizi wa tasnifu.

Aprili

Maamuzi mawili, kwa haraka.

La kwanza: sifanyi mahojiano. Kibali cha maadili kingepatikana, lakini miaka mingi imepita, na waliohusika wengi wameshaandika na kusema hadharani mara nyingi. Ripoti za kipindi kile zipo, zina tarehe, na hazibadiliki kwa kumfuata msikilizaji.

La pili: Syria inatoka. Ilijiunga na mkataba wa silaha za kemikali mwaka 2013 baada ya shambulio la gesi la Ghouta, ikatangaza maghala yake, na kwa miaka mingi Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali la The Hague likaendelea kusema tangazo lile lina mapengo. Ni kesi nzito inayostahili tasnifu yake, na nisingependa kuibana kwenye kurasa kumi. Nimebakiza aya moja, pamoja na jambo jema la mkataba huo: Julai 2023 akiba yote ya silaha za kemikali iliyotangazwa duniani, zaidi ya tani 72,000, ilikamilika kuharibiwa, Marekani ikiwa ya mwisho.

Mei

Sura ya hoja imekamilika. Naiweka hapa kama ilivyo kichwani mwangu, bila mapambo ya kitaaluma.

Kabla ya 1991 IAEA ilikagua kile ambacho nchi yenyewe ilikitangaza. Iraki ilikuwa mwanachama mtiifu kwenye karatasi, huku mpango wake wa siri ukiendelea jirani na majengo yaliyokuwa yakikaguliwa. Baada ya hapo swali likabadilika kutoka "je, ulichotangaza ni sahihi?" kuwa "je, umetangaza vyote?" Mei 1997 ikaidhinishwa itifaki ya ziada inayowapa wakaguzi haki ya taarifa zaidi, maeneo zaidi na sampuli za mazingira. Wengi huishia hapo, kana kwamba kilichokosekana ni haki ya kuingia. Mimi nasema haki ya kuingia ni nusu tu. Iraki mwaka 2003 wakaguzi waliingia karibu kila walipotaka. Walichokikosa ni historia iliyoandikwa.

Ukaguzi unaaminika pale nchi inapoweza kutoa simulizi ya mradi wake inayoshikana: malighafi iliyoingia, iliyotumika, iliyopotea, iliyobaki, na watu waliokuwa zamu. Simulizi hiyo haitungwi baadaye. Inaandikwa siku kwa siku wakati hakuna anayeiulizia. Kwa hiyo nchi inayoamua kuacha silaha, hata kama imezificha miaka 20, ina jambo la kulinda kuliko mabomu yenyewe, nalo ni makabrasha. Kuharibu silaha kwa siri ni kujinyima uwezo wa kuaminiwa.

Na upande wa msomaji wa ripoti upo pia. Ripoti ya mkaguzi daima itakuwa na sentensi iliyopimwa, "hatukuona dalili". Anayetaka hakika kamili hataipata kokote. Magavana wa IAEA walipokea sentensi ya namna hiyo kuhusu Afrika Kusini na kuendelea na ajenda nyingine. Miaka 10 baadaye sentensi kama hiyo kuhusu Iraki ikahesabiwa na baadhi ya wanachama wa Baraza la Usalama kuwa udhaifu wa mkaguzi. Kilichobadilika kati ya 1993 na 2003 ni hofu ya msomaji baada ya Septemba 11. Msimamizi ameomba nitoe ushahidi zaidi wa dai hili kutoka kumbukumbu za vikao vya Baraza. Kazi hiyo inaendelea.

Juni

Utetezi wa awali umefanyika mbele ya jopo la idara. Saa nzima, maswali mazuri, masahihisho madogo kwenye sura ya pili na jedwali la kulinganisha kesi.

Swali lililonikaa ni la mtahini mmoja: haya yote ni ya zamani, yana kazi gani leo? Nilimjibu kwa mfululizo wa tarehe. Marekani ilijitoa kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran tarehe 8 Mei 2018, makubaliano yaliyokuwa yameizuia Iran kurutubisha urani kupita asilimia 3.67. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati ulikufa tarehe 2 Agosti 2019. Ukaguzi wa vituo chini ya mkataba wa New START kati ya Marekani na Urusi, ulioruhusu ziara 18 kwa mwaka kwa kila upande na kuweka ukomo wa vichwa 1,550 vya nyuklia, ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona na haukurudi. Urusi ikasitisha ushiriki wake Februari 2023, na mkataba wenyewe, ulioongezewa muda mwaka 2021, ukomo wake ukawekwa tarehe 5 Februari 2026. Kila mwaka unaopita bila ukaguzi ni mwaka ambao ukurasa wake haukuandikwa. Siku nchi hizi zitakaporudi mezani, na natumaini zitarudi, hazitakuta lango limefungwa tu. Zitakuta pengo la kumbukumbu kama lile la kiangazi cha 1991, safari hii kwa silaha nyingi zaidi.

Mtahini aliniambia jibu hilo haliko kwenye tasnifu na linapaswa kuwemo. Profesa akaafiki. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Sehemu mpya inaingia katika sura ya tano baada ya hoja ya makabrasha, na nimeanza na upande wa Votkinsk na Magna, kwa kuwa kumbukumbu zilizokusanywa pale kwa miaka 13 zinaonyesha pengo likizibwa siku kwa siku linafananaje.